Wosia wa Mtani

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema utani ni utani tu, hauna madhara, damu inanichemka. Namtazama, nasema moyoni: wewe hukuwahi kucheza mpira wa pete Kilosa, wala hukulelewa na shangazi kama wangu. Ningekusimulia ukome.

Basi nasimulia.

Sisi tulikuwa watu wa reli. Baba, Mnyamwezi aliyeletwa Kilosa na kazi, alikuwa anabadilisha njia za treni pale stesheni, na dada yake alimfuata kuja kutulea mama yetu alipofariki. Huyo ndiye shangazi. Tulikaa kwenye nyumba za matofali nyuma ya stesheni, zimepangana, bomba la maji moja. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mto Mkondoa ukalala juu ya reli, ukawa unawaona watu wanakwenda kazini bila miguu, viwiliwili vinaelea, kila mmoja na kopo lake la chakula mkononi. Sijui kama ukungu ule ulikuwa mzito hivyo kweli au ni macho ya usichana. Mambo mengi ya wakati ule yananijia hivyo hivyo, nusu yake yamefunikwa. Nasikia harufu ya mkonge mbichi, nasikia treni inapiga honi mahali fulani upande wa Rudewa, halafu vyote vinapotea nabaki na sufuria yangu jikoni. Lakini hili la mpira nalikumbuka lote.

Nilikuwa mfungaji wa timu ya Reli. Kwa asiyeujua mpira wa pete: kila mchezaji ana sehemu yake ya uwanja na kizibao chake chenye herufi kifuani, na mfungaji ndiye anayekaa karibu na mlingoti, anangoja aletewe mpira autupie kwenye pete iliyo juu. Hakuna ubao nyuma wa kukusaidia. Ni wewe, pete, na mlinzi aliyekunyooshea mikono usoni. Nilipapenda mahali pale kuliko mahali popote duniani. Ofisini nilikuwa mpiga taipu, natumwa huku na kule kama sina jina. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kuosha vyombo. Lakini pale chini ya pete, mpira ukishatua mikononi mwangu, hakuna aliyeruhusiwa kunigusa, na uwanja mzima ulinyamaza. Ule ukimya ulikuwa wangu. Sikuwa na kitu kingine cha kusema hiki changu.

Ila kizibao kile sikukipata kwa uhodari. Nilikipata kwa sababu mwenyewe aliacha.

Mwenyewe alikuwa Msagara wa hapo hapo Kilosa, dada mmoja mrefu, mpole, mwenye mikono mirefu ambayo akiwa hachezi alikuwa hajui aiweke wapi. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa bado mwanafunzi. Mpira ulitoka kwenye vidole vyake bila haraka yoyote, ukazunguka taratibu angani, na kabla haujashuka yeye alikwishageuka anarudi zake. Hakuutazama ukiingia. Nilisimama pale na daftari zangu kwapani mpaka watu wakaondoka. Watu walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka Chanzuru kumtazama, majembe begani, na siku ya mchezo wake treni ya kwenda Mikumi ikichelewa kuondoka abiria hawakulalamika, maana dereva mwenyewe alikuwa uwanjani.

Mama yake hakukosa mchezo hata mmoja. Alisimama nyuma ya mlingoti na fimbo yake, anafoka: "Shusha mabega, mwanangu! Mabega hayo!" Tulikuwa tunamcheka. Halafu mama yule akapooza upande mmoja, akawa wa kulishwa na kugeuzwa, na dada akavua kizibao akaenda kumuuguza. Hakuaga. Siku moja alikuwepo, siku nyingine hayupo, na kocha wetu, karani wa mizigo pale stesheni, akanitupia mimi kile kizibao akasema, "Haya, jaribu wewe."

Nilijaribu, na nilifunga, sikatai. Lakini ligi ya wilaya ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu. Timu ya Mkonge kule Rudewa wakaanza kuanika nyuzi uwanjani kwao. Miwa ya Ruaha wakawa wanaleta visingizio, leo mvua, kesho mavuno. Ilikuwa ni miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, watu wana nyumba za kujenga na shamba la pamoja la kulima, nani atapoteza jioni yake kunitazama mimi? Waliokuja walinitazama kama mtu anavyotazama ugali uliopoa. Watakula, lakini hawana hamu.

Mimi sikujali. Wachache au wengi, ukimya wa pale chini ya pete ulikuwa ule ule.

Kisha yule mama akafariki.

Hapa lazima nieleze jambo. Sisi Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani. Msibani kwa mtani wako una kazi. Unachota maji, unapika, unawachekesha wafiwa wapate pumzi, na ukiweza, unamwigiza marehemu. Unavaa nguo zake, unatembea kama yeye, unadai unachodai, na wafiwa wanakujibu kama wanamjibu yeye mpaka uridhike. Hakuna wa kukasirika. Na katika watani wote wa Kilosa, hakukuwa na wa kumfikia shangazi yangu. Mwanamke yule aliweza kumwigiza mtu mpaka mbwa wa marehemu akamfuata.

Wanaume walikwisha kunyanyua jeneza wakaondoka. Sisi wanawake tulibaki mle ndani, kwenye mikeka, katika ule utulivu wa ajabu unaoingia nyumbani maiti ikishatoka. Dada alikaa ameegemea ukuta. Nilikuwa karibu yake nimemshikia kikombe cha maji. Hakulia. Tangu asubuhi hakuwa amelia, alikuwa anatazama mlangoni tu, mikono mirefu imelala juu ya mapaja, nami nikaona hata kumeza maji hamezi, anayashika mdomoni.

Mara pazia la chumbani likafunguka, akatoka marehemu.

Nasema marehemu kwa sababu nami moyo uliniruka. Gauni lile lile la maua, kanga ile ile, fimbo ile, mguu mmoja unaburuzwa, mdomo umekwenda upande. "Nani kachukua ungo wangu?" akafoka. "Nimeondoka kidogo tu mmeanza kugawana!" Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Wale waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. "Jamani huyu Mnyamwezi!" "Rudi ulikotoka, mpagazi we!" Shangazi hakujali, akazunguka anakagua vyungu, anadai chai, anamgombeza jirani kwa kuku wake. Kisha akafika mbele ya dada, akasimama, akaigonga fimbo chini.

"Na wewe! Umekaa hapo mabega juu. Shusha mabega, mwanangu! Mimi ndiyo nimekwenda, sasa unangoja nini? Rudi uwanjani. Sitoki humu mpaka useme utarudi uwanjani!"

Watu wakashika mbavu. Maana sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya mlingoti, pamoja na mate na kukwama kwa ugonjwa wake. Wote wakamgeukia dada wasikie atajibu nini.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nitarudi."

Vigelegele! Shangazi akaridhika, akaenda kuvua nguo za marehemu, akarudi kuchochea moto chini ya sufuria la wali kama si yeye. Nyumba nzima ilikuwa imecheka. Dada hakucheka.

Mambo yangeishia hapo kama si watu wa Mikumi. Timu ya Hifadhi, ya wafanyakazi wa mbuga ya wanyama, walikuwa wametuma wenzao kadhaa kwa treni kuja kutoa pole. Wale walikuwa wasichana walioletwa na kazi kutoka mbali, Wapare, Wahaya, sijui Wachaga, hawajui nani mtani wa nani Kilosa. Walisimama mlangoni wamekumbatia mikoba yao, wakaona wanawake wanacheka na kulia, wakasikia maneno, na aliyeyasema hawakumwelewa ni nani. Waliporudi kupanda treni, habari waliyobeba ni moja tu: marehemu ameacha wosia, mwanawe arudi uwanjani, na mwana amekubali mbele ya watu.

Treni ile ilikuwa inasimama kila kituo. Ilipofika Mikumi ilikuwa ni wosia. Ilipofika Ruaha, kwenye miwa, marehemu alikuwa ameusema kwa kinywa chake mkono wa mwanawe ukiwa kifuani pake. Na iliporudi Kilosa tulisimuliwa sisi wenyewe, tuliokuwemo ndani, kwamba kuna kiapo.

Ligi ikafufuka, nikiiona kwa macho yangu. Kule Rudewa nyuzi za mkonge ziliondolewa uwanjani, mistari ikapigwa chokaa upya. Miwa wakaandika kwamba mvua si tatizo tena. Manesi wa hospitali, waliokuwa hawafanyi mazoezi tangu sijui lini, ukiwapita jioni unawakuta wanaruka. Chanzuru, ambao hawakuwahi hata kuwa na timu, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba kina mama watakaochagua mpira watatoka shamba la pamoja mapema siku za mazoezi, basi wakajitokeza kina mama mpaka wengine wajawazito wakarudishwa. Bwana Michezo wa wilaya alikuja na baiskeli yake akapangua ratiba nzima, mchezo wa kwanza uwe Reli na Hifadhi, huko huko Mikumi. Alihutubia uwanjani kwetu juu ya michezo na ujenzi wa taifa, jasho linamtoka kwa furaha. Na katika hotuba yote ile ndefu hakuna mahali alipomtaja mfungaji aliyekuwa akiishikilia timu miaka yote hiyo. Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa.

"Labda hatarudi," nilikuwa najiambia. "Waliokuwepo wanajua ulikuwa utani."

Arobaini ikapita. Jioni moja tukiwa mazoezini, jua limekaa vibaya machoni, nikaona mtu mrefu anavuka reli anakuja. Alikuwa amebeba viatu vyake vya mpira mkononi, vimefuliwa. Wote tukaacha kucheza.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Mmekua."

Kocha akanitazama, akatazama kizibao. Nikakivua mwenyewe, nikakikunja, nikampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mkubwa. Akasema asante. Akakivaa, akaenda pale mahali pangu, akaomba mpira.

Ningependa kusema alikuwa ameisha. Kwa kweli ningependa sana. Lakini alitupa ule mpira wa kwanza, ukazunguka taratibu, na alikwishageuka. Nilimchukia, na nilikuwa tayari kusimama pale mpaka kesho kumtazama. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana, na sijui niyaeleze vipi zaidi ya hivyo. Ila kitu kimoja hakikuwa sawa: kila alipotupa, aligeuka kuangalia nyuma ya mlingoti. Pale hapakuwa na mtu.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Shangazi alikuwa anachambua mchele uani, ungo mapajani.

"Umeniua, shangazi."

"Nimekuua wewe saa ngapi? Unasimama mbele yangu unanikinga mwanga."

"Ulimwambia arudi uwanjani. Amerudi. Kizibao changu anacho yeye."

Akacheka mpaka akashika ungo usimwagike. "Ule si utani? Mwenye akili alicheka akaenda zake. Kama wilaya nzima wamekuwa wajinga mimi nifanyeje, nipige mbiu?"

"Nenda kamwambie ulikuwa unatania."

"Wewe mtoto una wazimu. Mtani anaomba radhi kwa utani? Nitamtazamaje Msagara usoni tena? Wataniimba mpaka wajukuu." Akarudi kwenye mchele wake. "Kaa upande mwingine wa uwanja. Si uwanja wote mna mpira?"

Nikalia kwa hasira. Sikuwa mtoto, nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, na nililia pale uani kamasi zinanitoka kwa ajili ya kipande cha kitambaa chenye herufi. Kisha nikasema kitu nilichokuwa nimekiona, na nilikisema ili kumchoma tu. "Yeye hakucheka, shangazi. Siku ile wote mlicheka, yeye hakucheka. Wala hajalia mpaka leo. Uwanjani anamtafuta mama yake nyuma ya mlingoti."

Mkono wa shangazi ukasimama juu ya ungo. Kisha akaendelea kuchambua. Lakini siku ya kwenda Mikumi nilimkuta stesheni, amevaa gauni lake la Idi, anasema anakwenda kumsalimia mtu huko. Hakuwa na mtu Mikumi.

Safari ile mpaka leo naiota. Dada alikaa dirishani, timu nzima imemzunguka inaimba, na mimi nilikuwa kwenye benchi la upande wa pili na sweta langu. Nje mbuga ilikuwa ya rangi ya majani makavu, miti ya mikumi imesimama mmoja mmoja, na twiga wawili walituangalia tukipita bila kuacha kutafuna. Kila kituo watu walikuja dirishani kumgusa mkono. "Pole na msiba, dada. Hongera kwa kutii." Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mabega yake yalikuwa juu, karibu na masikio.

Uwanja wa Hifadhi ulikuwa pembeni ya kambi ya wafanyakazi, na kabla ya kuanza refa alikimbia huku akipuliza filimbi kuwafukuza swala waliokuwa wamelala katikati. Watu walikuwa wamejaa pande zote, sijawahi kuona watu namna ile kwenye mpira wa wanawake. Walinzi wa mbuga wamekuja na sare zao, akina mama wa Ruaha wamekuja juu ya lori la miwa. Bwana Michezo alikuwa ametafutiwa kiti.

Mchezo ukaanza, dada akaletewa mpira, akatupa, ukaingia. Vigelegele. Akaletewa tena, ukaingia. Lori la Ruaha likapiga honi. Benchi letu wakawa wanakumbatiana, na mimi nikawa napiga makofi polepole, kwa sababu nilikuwa nimeona. Mlinzi wa timu ya Hifadhi alikuwa msichana mpya, mrefu sana, ametoka mafunzo ya jeshi, tulikuwa tumetishwa naye wiki nzima. Na kila dada alipopokea mpira, msichana yule alirudi nyuma akaweka mikono mgongoni.

Dada naye akaliona. Alipopata mpira mara nyingine hakutupa. "Nikabe," akasema.

Msichana akatikisa kichwa.

"Nikabe, mdogo wangu. Inua mikono."

"Dada, nisamehe." Alisema kwa sauti, tulisikia mpaka benchi. "Naanzaje kumzuia mtu aliyetumwa na marehemu?"

Refa akapuliza, mpira umekaa mkononi muda mrefu mno, wapewe Hifadhi. Ukarudi kwetu, akapewa tena, akaushika tena. Filimbi. Akapewa tena. Safari hii aliukumbatia tumboni, kichwa chini, na wala kwenye pete hakutazama. Watu wote wakanyamaza. Ukimya ule niliokuwa naujua mimi, sasa ulikuwa unatisha.

"Shangazi," nikasema. Alikuwa nyuma ya benchi letu. "Kamwambie."

"Sasa hivi? Mbele ya watu wote hawa?"

"Sasa hivi. Ulimwambia mbele ya watu."

Sikuwa namwonea dada huruma peke yake, nataka ieleweke. Nilijua akiambiwa ataondoka, na akiondoka kizibao kinarudi kwangu. Nilikwishaanza kulegeza sweta.

Shangazi akajifunga kanga kiunoni akaingia uwanjani. Refa akampulizia filimbi. "Pumzika mwanangu, utapasuka," akamwambia, akampita. Alitembea mwendo wake mwenyewe, ule wa haraka haraka, hakuburuza mguu wala hakupinda mdomo. Akafika mbele ya dada.

"Mtani wangu," akasema, na sauti yake ya kawaida ilikuwa nyembamba, sikuzoea kuisikia hivyo. "Siku ile nilikuwa mimi. Sauti niliiba, mguu niliiba, yote niliiba. Mama yako alikuwa ameshabebwa. Amekufa, mwanangu. Hajakutuma popote. Ukitaka kwenda nyumbani, twende nyumbani."

Dada akainua uso. "Nilijua ni wewe," akasema. "Lakini sauti ilikuwa yake. Nilitaka niisikie siku mbili tatu zaidi."

Halafu akalia. Hakulia kama watu wanavyolia uwanjani wakifungwa. Alikaa chini kwenye vumbi na mpira wake, akalia kilio cha msibani, kile chenye maneno, na shangazi akakaa chini naye na gauni lake la Idi, akamshika kichwa. Msichana wa jeshi akaanza kulia. Akina mama wa Ruaha wakashuka kwenye lori. Bwana Michezo alinyanyuka kitini, akakaa tena.

Muda mrefu ulipita. Swala walikuwa wamesharudi kusimama upande wa pili.

Kocha akanitazama, akaniashiria kwa kichwa. Nikasimama. Nikavua sweta, nikainama kukaza kamba za viatu, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unaruka kwa furaha. Nikaenda mpaka pale walipokaa. Dada akanyanyuka, akajifuta mavumbi, akakivua kizibao kupitia kichwani. Nikanyoosha mkono nikipokee.

Akajifuta machozi nacho. Akapenga kamasi vizuri. Kisha akakivaa tena.

"Haya," akamwambia yule msichana, na kwa mara ya kwanza tangu avuke reli ile jioni mabega yake yalikuwa chini. "Hajanituma mtu. Nimekuja mwenyewe. Sasa nikabe, nione hilo jeshi lilikufundisha nini."

Na msichana akamkaba! Alimzuia, akampokonya, akamrukia mpaka wakaanguka wote wawili, na dada akawa anacheka pale chini kama binti. Alifunga mengine, mengine yakagonga pete yakatoka. Tulifungwa mchezo ule, na hakuna mtu aliyeukumbuka kwa kufungwa. Dada alicheza msimu ule wote na mwingine na mwingine, ligi ikanoga, Chanzuru wakapata timu ya kuogopwa, na mimi nikawa wa akiba mpaka nilipoolewa nikahama. Sikurudi tena pale chini ya pete.

Jioni ile kwenye treni kila mtu alikuwa anaimba, shangazi ndiye anaongoza. Mimi nilikaa kwenye kona na sweta langu nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza. Dada akaacha kiti chake, akaja akabanana nami, akanishika mkono kwa ile mikono yake mirefu. "Basi, mdogo wangu, basi," akawa ananiambia. "Nami namkumbuka hivyo hivyo." Alinishika mpaka tukafika Kilosa. Alidhani ninamlilia mama yake.